Betri za Chanjo

Wapendwa, fungeni vitabu vyenu kwa muda, viwekeni mapajani. Somo mmelisikia, na waliosoma wamesoma vizuri. Leo sitalifafanua mstari kwa mstari. Nitawapa habari za muuguzi mmoja, halafu ninyi wenyewe mtaniambia kama tuna haki ya kuitikia amina.

Kulikuwa na muuguzi, jina lake Nyemo, aliyepangiwa kazi katika zahanati ya kijiji kimoja cha nchi kavu, kule ambako mvua ikinyesha mara nne watu wanasema mwaka umekuwa mzuri. Nimesema nchi kavu, ila msiihurumie. Ina mali moja ambayo nchi nyingi tajiri zingetamani kuipata: jua. Jua la pale likitoka halina utani. Saa nne asubuhi bati halishikiki. Saa nane mchana hata kuku wanaacha kuparua, wanajibanza ukutani wakiwa wameachama midomo.

Umeme wa nguzo haukuwa umefika. Nguzo zilifika. Zilisimikwa mwaka wa uchaguzi, zikapita katikati ya kijiji kwa mstari ulionyooka vizuri kabisa, na waya hazikuletwa. Mbuzi ndio walioona faida yake, maana walipata pa kujikunia.

Kwa sababu hiyo chanjo ililetwa mara moja kwa mwezi, ndani ya kisanduku cha barafu kilichofungwa nyuma ya pikipiki. Mama aliyekuwa msibani siku hiyo, au shambani, au anayeuguza, alikuta kisanduku kimeshaondoka. Nyemo alikuwa akiwaona wakifika jioni, jasho linawatiririka, watoto mgongoni, naye hana la kuwapa zaidi ya kuwaambia warudi mwezi ujao. Jambo hilo lilimkera sana. Alikuwa mwanamke mpole wa sauti, lakini hakuwa mpole wa moyo.

Basi ukaja mradi. Walikuja wageni kwa magari matatu, wakagawa fulana, hotuba zikasomwa mpaka watoto wakasinzia. Lakini safari hii, tofauti na nguzo, kazi ilifanyika kweli. Fundi alipanda juu ya paa la zahanati akafunga paneli sita za sola. Katika chumba kidogo cha nyuma alipanga betri nane kubwa, na kila betri akaiandika kwa rangi nyeupe herufi ya zahanati na namba yake, moja mpaka nane. Ndani ikawekwa friji ya chanjo, nyeupe, yenye mlango unaofunguka kwa juu. Yule fundi alimweleza Nyemo kwa subira: mchana friji inaendeshwa na jua, na umeme unaozidi unaingia kwenye betri; jua likizama, betri zinapokea zamu mpaka asubuhi. Bila betri, friji hiyo ni sanduku tu.

Siku ya makabidhiano, ufunguo wa chumba cha betri ulipewa Mzee Chidawali, mwenyekiti wa kamati ya zahanati. Watu walipiga makofi, kwa maana alikuwa mtu anayeheshimika, mzee wa kanisa, asiyelewa, asiyegombana na mtu. Nyemo aliuliza kwa adabu kama naye angeweza kupewa ufunguo wa akiba. Akaambiwa kwamba vifaa vya thamani hutunzwa na viongozi.

Hebu lisikieni hilo vizuri. Mtu atakayeifungua ile friji kila siku ya Mungu, mtu ambaye mtoto akifa ndiye atakayeulizwa, huyo hakuaminiwa ufunguo. Na hakuna hata mmoja kati ya waliopiga makofi aliyeona ajabu.

Mwaka wa kwanza ulikuwa mwaka wa furaha. Kuna kadi maalumu inayobandikwa kwenye friji ya chanjo. Muuguzi anaandika joto la ndani asubuhi na jioni, na halitakiwi kushuka chini ya nyuzi mbili wala kupanda juu ya nane. Nyemo aliijaza kadi hiyo kwa mwandiko wake mdogo uliosimama wima, hakuruka siku hata moja. Nne. Tano. Nne. Tano. Akina mama walikuja siku waliyopata nafasi, Jumatatu, Ijumaa, hata siku ya mnada, na chanjo ikawepo. Jua lililowakaushia mtama lilikuwa sasa linawakingia watoto. Nyemo alimwandikia dada yake kwamba kwa mara ya kwanza anajiona muuguzi na si mlinzi wa jengo.

Mwaka wa pili, asubuhi moja, kipimajoto kilisoma tisa.

Alidhani amekosea kusoma. Kesho yake, kumi na moja. Baada ya wiki, kumi na tatu. Jambo la kushangaza, ikifika mchana friji ilishuka tena mpaka tano, kana kwamba hakuna kilichotokea. Nyemo aliazima kipimajoto kingine kutoka kituo cha afya, nacho kikasema yale yale. Akatoa chupa za chanjo akazisogeza dirishani. Kila chupa ina duara la rangi iliyokolea, na ndani ya duara kuna mraba mweupe. Chanjo ikipatwa na joto mraba unaanza kuwa mweusi, na ukishafanana na duara, chanjo imekufa. Aliziangalia moja moja. Miraba ilikuwa imekolea. Chanjo ya namna hiyo ukimchoma mtoto umemliza bure.

Alizitenga, akaandika ripoti, akaenda kwa Mzee Chidawali. Mzee alimpokea vizuri, akamwambia tatizo ni vumbi. Nyemo akarudi, akaazima ngazi, akajifunga kanga kiunoni, akapanda juu ya paa saa sita mchana na ndoo ya maji, akazifuta paneli zote sita mpaka zikang'aa. Kesho yake asubuhi: kumi na tatu. Akaenda tena. Safari hii Mzee alisema ni mawingu. Nyemo akatazama juu. Wapendwa, mnaijua nchi ile mwezi wa tisa. Hapakuwa na wingu hata la kufunika kiganja. Mara ya tatu aliambiwa kwamba jua la siku hizi limepungua nguvu, si kama la zamani.

Mnacheka. Mimi sicheki. Ni mara ngapi sisi tumesema maneno kama hayo kwa uso mkavu? Pampu ya maji imekufa, tunasema ardhi imekauka. Taa za bwenini hazina balbu, tunasema wanafunzi wa leo hawapendi kusoma. Tunalisingizia jua mbele ya jua lenyewe.

Mara ya nne Nyemo hakwenda kuomba maelezo.

"Shikamoo, Mzee. Naomba ufunguo niziangalie betri. Dakika tano tu."

"Marahaba, binti yangu. Ule umeme si wa kuchezea. Ukipigwa shoti, nitawaambia nini wazazi wako?"

"Basi njoo tufungue pamoja, usimame uniangalie."

"Nitakuja," alisema Mzee, akamuuliza habari za kazi, akampa na boga la kupeleka nyumbani.

Hakuja wiki hiyo. Hakuja wiki iliyofuata. Nyemo akaandika barua wilayani, na jibu lilipofika lilikuwa la mistari mitatu: mradi ulikwishafungwa, vifaa ni mali ya kijiji, aonane na kamati yake. Na kamati, kama mjuavyo, ilikuwa ni Mzee Chidawali na boga lake.

Sasa, katika kitongoji cha mbali cha kijiji hicho, mwendo wa saa tatu kwa miguu, aliishi mwanamke aliyeitwa Mbeleje. Alikuwa na mtoto wa kike, Loyce, aliyefikisha miezi tisa, umri wa kuchomwa chanjo ya surua. Mbeleje alimfunga mgongoni akaja. Nyemo akamwambia hakuna chanjo nzima. Wiki mbili baadaye akaja tena, akapewa jibu lile lile. Akaja mara ya tatu. Safari hii hakukaa kwenye benchi, alisimama mlangoni.

"Sista, niambie ukweli. Kama hutaki kumchoma mwanangu kwa sababu sisi ni watu wa kule porini, niambie, nisije tena."

Nyemo alikwenda kwenye friji, akatoa chupa, akamwonyesha ule mraba mweusi, akamweleza maana yake. "Ningekuwa nayo iliyo nzima," alimwambia, "ningemchoma kabla hujavuta pumzi."

Mbeleje aliitazama chupa kwa muda mrefu. Hakujua kusoma, lakini weusi aliuona. "Nikija tena itakuwepo?"

Nyemo alitamani sana kusema ndiyo. Kisanduku cha barafu kilikuwa kimeacha kuja tangu friji ilipofungwa, kwani kwenye vitabu vya wilaya kijiji kile kilihesabiwa kuwa na sola. Hakutaka kumdanganya mtu aliyetembea saa tatu. "Sijui, dada yangu," alisema.

Mbeleje akaikaza kanga, akamfunika mtoto kichwa, akaondoka katikati ya jua lile la saa saba. Nyemo alimfuata kwa macho mpaka alipopotelea nyuma ya nguzo zisizo na waya. Hakurudi mara ya nne. Nani kati yenu angerudi?

Baada ya miezi miwili surua iliingia kile kitongoji. Nyemo alikwenda kwa baiskeli, akakuta watoto wamelazwa mstari mmoja kwenye kivuli cha ghala, macho yamevimba, ngozi imejaa vipele. Alifanya alichoweza. Watoto wawili walizikwa. Loyce aliishi, lakini ugonjwa uliingia machoni, na alipopelekwa hospitali daktari alimwambia Mbeleje, kwa upole, kwamba mtoto hataona tena.

Mbeleje hakumlaani mtu. Hakumlaumu hata Nyemo. Na hilo ndilo lililomvunja Nyemo kuliko matusi. Alijiona kana kwamba yeye ndiye aliyemtoa mtoto yule macho. Chakula kilimshinda. Akiwa anapima wajawazito, mikono yake ilikuwa inafanya kazi na akili yake iko mlangoni, pale alipokuwa amesimama mwanamke na kumuuliza kama akija tena itakuwepo.

Siku ya nne baada ya habari hiyo aliamka, akafunga zahanati, akabandika karatasi mlangoni, akapanda lori la alizeti mpaka mjini. Alimtafuta yule fundi aliyefunga mitambo ile, akamkuta juu ya paa la watu. Hakungoja ashuke, alimweleza akiwa pale chini, kichwa amekiinua. Fundi alisikiliza mpaka mwisho, akasema atakuja kesho, na kweli kesho yake mchana alifika kwa pikipiki na mfuko wake wa vyuma.

Ilikuwa Alhamisi. Nyemo alimtuma mtu kwa Mzee Chidawali kuomba ufunguo, akaambiwa Mzee yuko kanisani, kuna maombi maalumu, asisumbuliwe. Fundi akaitazama kufuli, akamtazama Nyemo, akasema ile ni mali ya umma, yeye hawezi kuivunja kwa hiari yake.

"Kata," Nyemo alisema. "Wakiuliza, nimekata mimi."

Kufuli ikakatwa. Mlango ukafunguka kwa shida, kwa maana ulikuwa haujafunguliwa siku nyingi. Ndani kulikuwa na rafu iliyojaa vumbi, na juu yake betri nne. Upande wa pili palikuwa patupu, na waya zimekatwa vizuri, zimeunganishwa upya na kuviringishwa utepe. Aliyefanya kazi ile hakuwa na papara.

"Sista, nilifunga nane," fundi alisema.

"Najua."

"Basi friji yako haina ugonjwa wowote. Mchana inashiba kwa jua, usiku inalala njaa."

Wakiwa wamesimama pale, walisikia sauti ya spika kutoka kanisani. Nanyi mnajua, katika kijiji kisicho na umeme, sauti ya spika inakwenda mbali. Ilikuwa sauti ya maombi, imejaa machozi, inalia kwa ajili ya watoto wa kitongoji kile waliopatwa na surua. Fundi alikuwa anafuta mikono. Akauliza, bila nia yoyote mbaya, kanisa linatumia umeme gani.

Nyemo alijibu kwamba ni sola, waumini walichangishana wakanunua paneli mbili.

"Na betri?" fundi akauliza.

Nyemo aligeuka akalitazama kanisa. Alikuwa akisali pale kila Jumapili. Alikuwa akiimba kwaya, safu ya mbele, kwa vipaza sauti vile vile. Miezi yote ile alikuwa akitafuta vumbi juu ya paa na mawingu angani, na hakuwahi hata siku moja kujiuliza kinanda kinacholia ubavuni mwake kinakula umeme wa wapi. Aliondoka bila kufunga mlango. Fundi akamfuata.

Kanisa lilikuwa limejaa. Mbele kabisa, chini ya jukwaa, Mbeleje alikuwa amepiga magoti na Loyce mapajani, na wazee wamewazunguka, wamenyoosha mikono juu ya kichwa cha yule mtoto. Mzee Chidawali ndiye aliyekuwa ameshika kipaza sauti. Alikuwa analia kweli; tusimsingizie unafiki. Machozi yalikuwa yanamdondoka hadi kwenye koti. Alikuwa anamwuliza Mungu kwa nini ameruhusu pigo hili liwapate watoto wasio na hatia.

Nyemo alipita pembeni ya mabenchi. Hakuvua viatu, hakujifunika kichwa, alikuwa bado na gauni lake la kazi. Alifika penye meza ya mitambo, akainua kitambaa kilichoshonwa na akina mama, chenye misalaba ya uzi wa dhahabu. Chini ya meza zilikuwepo betri nne, zimekaa kwa mpangilio mzuri. Rangi nyeupe haikuwa imefutwa. Namba tano. Namba sita. Namba saba. Namba nane.

Akachomoa waya.

Sauti ya Mzee ilikatika katikati ya neno, ikabaki ndogo, sauti ya mtu mmoja tu ndani ya jengo kubwa. Alimalizia sentensi yake, kisha akafumbua macho.

"Sista," alisema, "unakatisha maombi."

"Mzee, hizi ni betri za friji ya chanjo."

"Tuliziazima. Ni kazi ya Mungu."

"Mliziazima lini?"

Mzee alishusha kipaza sauti. Aliyejibu ni mwalimu wa kwaya, kwa sauti ya chini, kama mtoto aliyeulizwa na mwalimu. Alisema ilikuwa wakati wa ule mkutano mkubwa wa injili. Jenereta lilikuwa limekufa, mhubiri mgeni alikuwa njiani, watu wamealikwa kutoka vijiji vitano. Walikubaliana kuziazima kwa siku tatu. Baada ya mkutano roho nyingi zilikuwa zimeokoka, ibada zikawa na watu, ikaonekana si vizuri kurudi nyuma.

Mbeleje alikuwa bado amepiga magoti. Aligeuza kichwa, akazitazama zile betri, kisha akamtazama Nyemo. Aliuliza polepole, kama mtu anayetaka kuwa na hakika. "Hizi ndizo zinazoifanya ile dawa isiharibike?"

"Ndizo," Nyemo alisema.

Mbeleje alimweka Loyce kwenye mapaja ya mwanamke aliyekuwa karibu yake, akasimama, akaenda penye meza, akaishika betri namba tano kwa upande mmoja. Ilikuwa nzito, ikamshinda. Nyemo akashika upande wa pili. Wanawake hao wawili wakaitoa nje kwa hatua fupi fupi, kupitia njia ya katikati, na kila walipopita watu walirudisha miguu nyuma ya mabenchi ili wasikanyagwe. Wakarudi kuchukua ya pili. Fundi alibeba ya tatu peke yake. Ya nne waliibeba tena wao wawili. Kanisa lilikuwa na wanaume wasiopungua sitini wenye nguvu zao, na hakuna aliyenyanyuka.

Mnangoja niwaambie kwamba kijiji kilitubu. Subirini.

Jumapili iliyofuata baraza la wazee lilikaa. Ajenda haikuwa betri. Ajenda ilikuwa muuguzi aliyeingia nyumba ya Mungu na viatu, kichwa wazi, akakata maombi kabla ya amina. Iliandikwa barua ndefu ya kuomba ahamishwe, ikasainiwa na watu kumi na tisa, na safari hii jibu la wilayani lilifika haraka. Wilaya ilisema haina mtu mwingine wa kumpeleka. Waliopangiwa kabla yake wote walikataa kuripoti. Basi Nyemo akabaki, kwa sababu hiyo tu, na si kwa sababu kuna aliyemtetea. Kwa Mbeleje haikuandikwa barua. Hakuna aliyetembea zile saa tatu kwenda kumwambia pole.

Na zile betri nne? Zilirudishwa mahali pake, friji ikasoma tano asubuhi na tano jioni, ikakaa hivyo kwa miezi minne. Kisha zikafa. Fundi alikuwa amemwonya Nyemo: zilikuwa zimefyonzwa mpaka mwisho kila Jumapili, na betri ikizoeshwa hivyo haina maisha. Ikabidi vita vianze upya. Nyemo alisimama kwenye kila mkutano wa kijiji, akatukanwa, akaketi, akasimama tena kwenye mkutano uliofuata, mpaka mavuno ya shamba la pamoja yakatumika kununua nyingine. Leo chumba kile kina kufuli mpya, na ufunguo anao yeye, kwa kuwa kufuli aliinunua mwenyewe na hakumwuliza mtu. Chanjo ipo kila siku. Watoto wa kitongoji kile wanachomwa kwa wakati.

Loyce ana miaka sita. Asubuhi anatoka nje, anakaa ukutani upande wa mashariki, na joto likianza kumpiga usoni anamwambia mama yake kwamba kumekucha.

Sasa niwaulize. Mwizi wa hadithi hii ni nani? Naona nyuso zenu, mmeshamhukumu Mzee Chidawali. Lakini sikilizeni: nyumbani kwa Mzee yule hapakuwa na taa hata moja. Hakuweka betri kwenye redio yake. Hakuuza hata moja. Angekuwa mwizi wa kawaida, angeogopa, angezificha, angefuta namba. Hakufuta, kwa sababu hakuona aibu. Alichukua kinga ya watoto akampa Mungu, na akalala usingizi mzuri. Na Mungu, ambaye hakuombwa ruhusa, ambaye anamsikia mjane akinong'ona ndani ya blanketi, alikuwa na haja gani na spika?

Hapo ndipo hasira yangu ilipo leo, wapendwa, na siifichi. Tumezoea kusema sisi ni maskini. Tunalisema hadi tunaliimba. Lakini nionyesheni umaskini katika habari hii. Jua lilikuwepo, lilitoka kila siku bila kudai kitu. Paneli zilikuwa nzima. Friji ilikuwa nzima. Fundi alipatikana, tena ni kijana wetu, si mgeni. Muuguzi alikuwepo kazini. Mama alitembea mara tatu, kwenda na kurudi. Kila kitu kilitimiza wajibu wake, isipokuwa sisi. Sisi tuliovaa vizuri, tuliokaa kwa mistari, tuliolia kwa machozi ya kweli tukimwuliza Mungu swali ambalo jibu lake lilikuwa chini ya meza yetu.

Maana waliojua walikuwa wachache, hilo ni kweli. Wengine wote hawakuuliza tu. Kinanda kilikuwa kinalia vizuri. Nani anataka kuuliza kinanda kinapolia vizuri?

Tunaambiwa siku hizi kwamba jua litaikomboa nchi yetu, na mimi naamini. Nimeona pampu zinazovuta maji kwa jua, nimeona mashine za kusaga, nimeona shule ambako watoto wanasoma jioni. Lakini jua halitaweza kumkomboa mtu anayechukua cha mtoto mgonjwa na kukiita sadaka. Tutaletewa paneli mpaka tufunike milima, na bado tutazika watoto, tukisingizia mawingu.

Kwa hiyo leo sitawaalika wagonjwa waje mbele tuwaombee. Watangoja kidogo, watanisamehe. Leo nawaita wanakamati. Kamati ya zahanati, wapo humu. Kamati ya maji. Kamati ya shule. Ninyi wa ile pampu ya sola iliyofungwa mwaka juzi, nawaona, mmekaa karibu na mlango. Njooni mbele. Sitawawekea mikono kichwani. Nataka kila mmoja ageuke aliangalie kanisa hili, ataje alichokabidhiwa, kisha aseme kiko wapi asubuhi ya leo. Nami nitaanza na vya ofisini kwangu.

Aliye karibu na mlango aufunge. Hakuna aliye na haraka ya kwenda kula.